Kuflashi Kompyuta ya Injini: Kebo ya Kopi, Tableti au Kisanduku cha J2534?

Asilimia 61. Nilikuwa naflashi gari, yaani nafuta programu ya kompyuta ya injini (ECU) na kuiandika upya. Hapo ndipo mstari wa kijani uliposimama, kisha kioo cha laptopu kikawa cheusi. Nilikuwa nimeinama upande wa dereva nimeshika kebo isichomoke, maana soketi ya gari lile ilikuwa imelegea, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba betri ya laptopu imekwisha. Haikuwa betri. Laptopu ilikuwa imelala. Nilisahau kuondoa ule mpangilio wa Windows unaoilaza mashine isipoguswa kwa dakika 15, na kwa Windows, kuandika ECU si kuguswa. Nilipoiamsha, kebo haikuwemo tena kwenye orodha ya vifaa. Nikazungusha ufunguo: starta inazunguka, injini haishiki.

Mama mwenye gari alikuwa kwenye benchi pale mlangoni. "Fundi, mbona haliwaki?"

"Mama, naomba unipe muda kidogo."

Muda wenyewe ulikuwa siku mbili. Gari lilipona kwa sababu mbili tu. Kwanza, ile sehemu ndogo ya programu inayoiamsha ECU, yaani butiloda, haikuguswa. Pili, nilikuwa nimesoma faili la awali na kulihifadhi kabla ya kufuta chochote. Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue kifaa gani, sianzi na bei. Namuuliza: kikikwama katikati, utarudi vipi? Vifaa ninavyovilinganisha hapa nimevipima kwa swali hilo.

Kabla ya kununua: je, gari linahitaji kuflashiwa?

Wateja wengi huja na hukumu tayari: "Niwekee programu mpya." Programu ya injini ina ramani na kanuni: mafuta yamwagwe kiasi gani kwa mzigo huu, cheche itoke lini, throto ifunguke vipi. Mtengenezaji anapotoa toleo jipya, anarekebisha kosa lililo ndani ya hizo ramani na kanuni. Mfano mzuri ni wa Februari 2014, Toyota ilipoyaita yarudi kurekebishwa magari ya Prius ya kizazi cha tatu yapatayo milioni 1.9 duniani. Mipangilio ya programu iliweza kuzichemsha kupita kiasi transista zilizo ndani ya inveta, na dawa ilikuwa programu mpya. Prius ya umri huo ikikufikia, ikaguliwe kama kazi hiyo ilifanyika. Ile ni kazi ya programu kweli.

Lakini programu mpya haizibi hewa inayopenya kwenye manifoldi, haioshi nozeli, wala haifufui koili iliyokufa. Nissan iliyosafishwa throto na sasa sailensa yake (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko juu inahitaji kujifunza upya kiwango cha hewa, kazi ya dakika chache kwa skana. Haihitaji kufutwa ubongo. Nusu ya magari yaliyoletwa kwangu "kuflashiwa" yameondoka bila kuflashiwa, na wenyewe wameridhika.

Jambo la pili linahusu magari yetu ya mnada wa Japani. Kwenye lebo ya ECU ya injini ya Toyota utakuta namba inayoanza na 89661, na ndani yake kuna kitambulisho cha kalibresheni, yaani jina la toleo la programu na ramani zake. Kila faili la toleo jipya limeandikwa kwa vitambulisho maalumu. Faili lililotolewa kwa ajili ya soko la Marekani si la gari lililouzwa Japani, hata kama bodi na injini vinafanana kabisa. Programu ya mtengenezaji itakagua na kukataa. Mashine za kuandika faili ghafi mara nyingi haziulizi, zinaandika ulichozipa.

Kebo ya bei nafuu na tableti

Nianze kwa kuiondoa ELM327 kwenye mjadala. Vile vidude vya bluetuthi ni vizuri kwa mwenye gari anayetaka kujua taa ya cheki injini imewaka kwa nini, basi. Vingi vimeandikwa toleo 1.5, ilhali Elm Electronics ya Kanada, waliobuni chipu yenyewe, hawakuwahi kutoa toleo lenye namba hiyo. Usivitumie kuandika chochote kwenye ECU ya injini.

Kebo inayostahili kuzungumziwa ni ile iitwayo Mini VCI, inayotumiwa na programu ya Techstream ya Toyota. Kwa pesa kidogo unaingia ndani zaidi ya Toyota kuliko tableti nyingi: data hai zote, majaribio ya kuwasha pampu na feni, kutoa hewa kwenye ABS, kuandika namba za nozeli. Hilo la nozeli si dogo kwetu. Hilux na Prado zenye injini ya dizeli ya 1KD zina msimbo wa herufi na tarakimu 30 kwenye kila nozeli. Ukibadilisha nozeli bila kuuingiza msimbo wake, injini inagonga na kutoa moshi, na mteja anadhani umemuuzia nozeli mbovu. Kazi hiyo kebo inaiweza. Ila kuandika msimbo ni kukodi (coding), na kukodi ni kubadilisha mistari michache tu. Kuflashi ni kufuta programu nzima na kuiandika upya. Wauzaji huviita vyote "programu", na mnunuzi huumia.

Kwenye kuflashi, kebo hii siiamini. Nyingi ni nakala, na chipu yake ya USB huwa imeigwa kutoka kampuni ya FTDI. Oktoba 2014 draiva mpya ya FTDI ilishuka kupitia masasisho ya Windows na kuziwekea chipu feki namba ya utambulisho ya sifuri. Kebo zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zikawa hazionekani tena kwenye kompyuta. Draiva ile iliondolewa baadaye, lakini fikiria masasisho kama hayo yangeshuka ukiwa katikati ya kuandika. Kebo hii pia haina uwezo wa kutoa volti maalumu ya kuandikia ambayo baadhi ya magari ya zamani huidai. Ford za kale, kwa mfano, zilitaka volti 18 kwenye pini ya 13 ya soketi.

Tableti za kupimia magari, za Launch au Autel na wenzao, zinashinda kwa upana. Asubuhi Subaru, mchana Golf, jioni Noah, kifaa ni kilekile na hakuna draiva ya kuhangaikia. Menyu za huduma zimepangwa vizuri, na kijana anayejifunza anaizoea ndani ya wiki. Udhaifu wake uko kwenye kalenda. Masasisho ya bure ni ya mwaka mmoja au miwili, kisha unalipia. Usipolipa, kifaa kinaendelea kusoma magari kinayoyajua, lakini magari mapya na huduma za mtandaoni zinafungwa. Kabla ya kulipa dukani, uliza masasisho yanaisha tarehe ngapi, na kama kifaa kimefungiwa eneo la soko lingine. Muuzaji wa Kariakoo au wa Kirinyaga Road asiyeweza kukuonyesha tarehe hiyo kwenye kioo, muage kwa heshima uende duka la pili.

Je, tableti inaflashi? Kwa baadhi ya magari, ndiyo, hasa zile za bei ya juu zinazokuja na kisanduku chao cha J2534, kiunganishi cha kompyuta na gari nitakachokieleza chini. Zile za bei ya kati zina kitufe kilichoandikwa hivyo, lakini ukikifuata unakutana na kukodi. Mimi tableti naiona chombo cha kila siku, cha kupima na kukodi. Gereji inayochukua magari mchanganyiko ianze hapo. Gereji ya Toyota tupu, kebo na Techstream vitaipa zaidi kwa pesa ndogo, ilimradi mkono usivuke kwenda kwenye kuandika programu.

Kisanduku cha J2534 na mashine za kusoma na kuandika

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo, kwa sababu vifaa hivi viwili haviendi upande mmoja.

J2534 ni kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Kuanzia magari ya modeli ya 2004, sheria za huko ziliwataka watengenezaji waruhusu ECU zinazohusu moshi ziandikwe upya kwa kisanduku chochote kinachofuata kiwango hicho, na Ulaya ikaweka sharti linalofanana kwenye kanuni zake za moshi za Euro 5. Kwa hiyo unanunua kisanduku kimoja halisi, kisha unatumia programu ya mtengenezaji mwenyewe: Toyota kwa Techstream na msaidizi wake wa kalibresheni anayefungua mafaili ya .cuw, Nissan kwa NERS, na wengine kwa zao. Usajili unalipiwa kwa muda. Kwa Toyota ya Marekani mfupi kabisa ni wa siku mbili. Unalipia, unafanya kazi, unaachana nao.

Faida yake ni utulivu. Faili linatoka kwa mtengenezaji wa gari, linakaguliwa kabla na baada, na kazi ikikatika, programu mara nyingi inajua namna ya kuanza tena. Hasara yake kwetu ni kwamba usajili ni wa dola, intaneti lazima iwe imara, na magari ya soko la Japani mara nyingi hayamo kwenye tovuti za Marekani na Ulaya. Na kuna jambo ambalo watu hawalioni mpaka wamefika: kwa kawaida zana ya mtengenezaji haisomi faili lililomo ndani ya ECU ili kukuhifadhia. Inakupeleka mbele kwenye toleo jipya. Nyuma hairudi.

Mashine za kusoma na kuandika, mfano KESS3 ya Alientech ya Italia, ni kinyume chake. Zinasoma kilichomo, kwa soketi ya OBD (ile ya kupimia gari, upande wa dereva), au kwa waya moja kwa moja kwenye ECU iliyowekwa mezani, au kwa kuifungua ECU pale ECU za Bosch za aina ya MED17 na EDC17 zinapodai nenosiri la kichakataji. Ukisha kuwa na nakala kamili, pamoja na ile kumbukumbu ndogo yenye data ya funguo, hata ECU ikifa katikati unaweza kuifufua. Njia ya kurudi ipo. Lakini mashine yenyewe haijui kama faili unaloandika ni zuri au baya. Ukinunua faili mtandaoni lenye ahadi ya "nguvu zaidi" na hesabu zake za ukaguzi (checksum) hazilingani, utaandika vizuri kabisa kisha taa itawaka na msimbo wa kosa P0601, au injini isiwake.

Kopi za mashine hizi ndizo zinazouzwa zaidi huku, na huja na onyo: usiiunganishe na intaneti. Onyo hilo lisome kwa makini. Maana yake ni kwamba haitapata masasisho kamwe, orodha yake ya ECU imeganda mwaka ilioigwa, na kosa la kukokotoa hesabu za ukaguzi lililomo leo litakuwemo kesho. Nimewaona wenzangu wakizitumia miaka bila ajali, kwenye aina mbili tatu za ECU walizozijaribu mara nyingi. Nimewaona pia wakiua kontroboksi, yaani ECU, ya gari la mtu kwa aina waliyokutana nayo mara ya kwanza. Kopi haina wa kumpigia simu saa tano usiku.

Kama huna mtaji wa mashine halisi, mpelekee boksi mwenzako aliye nayo. Mimi nafanya hivyo kwa Bosch zote zinazotaka kufunguliwa. Namlipa, anasoma, ananipa nakala kwenye flashi diski, ECU inarudi na gari halikuhama gereji.

Magari yanayoingia kwako

Ushauri wa Nairobi hauwezi kuwa uleule wa Dar es Salaam. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane kuingizwa, hivyo fundi wa huko anakutana mapema na magari yenye milango ya usalama, yaani vizuizi vya kielektroniki dhidi ya kuandika: magari ya kundi la Fiat na Chrysler tangu 2018, Volkswagen tangu Golf 8. Kwenye hayo, kifaa kisicho na akaunti iliyosajiliwa kinasoma tu, kuandika kumefungwa. Kopi hazina nafasi. Tanzania inatoza kodi ya ziada kwa gari kuukuu lakini haizuii kwa umri namna hiyo, na bado napokea magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yanayozungumza kupitia waya mmoja wa K kwenye pini ya 7. Hapo kisanduku kipya cha bei mbaya kinachojali CAN tu, ule mtandao mpya wa waya mbili, kinaweza kukuangusha, na kebo ya zamani ikafanya kazi.

Waya huo wa K ni wa polepole: biti 10,400 kwa sekunde, ambapo CAN ya injini hupeleka 500,000. Kuandika ECU ya zamani kunachukua muda mrefu zaidi, na ndani ya muda huo umeme lazima usimame palepale.

Umeme

Betri nzima iliyotulia ina volti 12.6 hivi. Washa swichi, feni ya rejeta ikaingia, taa za mchana zikawaka zenyewe, ndani ya robo saa unaona 12.1 na inashuka. ECU nyingi hukataa kuanza chini ya 12, na mbaya zaidi ni ile inayokubali kuanza halafu inashuka. Mimi nataka 13 na nusu, thabiti, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Chaja za kawaida za gereji zina umeme wenye mawimbi na hazifai kwa kazi hii. Kifaa cha kutegemeza betri kilichotengenezwa kwa ajili ya kuprogramu ni bora, lakini kinategemea umeme wa ukutani, nao unajua kukatika. Njia yangu ni betri ya pili kubwa, ya lori, iliyojaa, imefungwa sambamba na ya gari kwa nyaya nene, na kitegemezi juu yake. Umeme ukikatika, betri mbili zinamaliza kazi. Laptopu nayo iwe imejaa na imechomekwa, kulala kumezimwa, masasisho yamezimwa, bluetuthi imezimwa.

Kinapokwama

Kifaa kisipoliona gari kabisa, acha laptopu uchukue mita. Pini ya 16 na ya 4 zikupe volti za betri. Zisipokupa, angalia fyuzi, mara nyingi ile ya kiberiti cha sigara au ya redio iliyochezewa. Kisha zima swichi, chomoa betri, pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14. Ukipata om 60, waya za CAN ni nzima. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Karibu na sifuri, zimegusana. Nimeona fundi akibadilisha vifaa vitatu kabla ya kupima hivyo, na kosa lilikuwa kwenye kifaa cha kufuatilia gari kilichounganishwa vibaya nyuma ya soketi.

Gari likionekana kwa kifaa kingine lakini si kwa kebo yako, tatizo liko kwenye draiva. Maktaba nyingi za draiva za J2534 ni za biti 32, na kwenye Windows ya biti 64 lazima zisajiliwe kwenye upande wa 32 wa rejista ya Windows. Zikiingia kwingine, programu inasema hakuna kifaa. Antivairasi nayo hufuta kimyakimya faili la programu iliyokrakiwa. Kwa kebo za BMW za K na CAN, ingia kwenye mipangilio ya poti ukapunguze muda wa kuchelewa kutoka milisekunde 16 hadi 1. Laptopu ya kazi hii iwe yake peke yake, hasa sasa ambapo Windows 10 iliacha kupata msaada tarehe 14 Oktoba 2025 na programu nyingi za zamani bado zinaitaka.

ECU inapokataa ombi katikati ya kazi hujibu kwa 7F, kisha namba ya huduma uliyoomba, kisha sababu. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo ya kusoma. Ikiwa 22, masharti hayajatimia: volti, gia, au injini inawaka. Ikiwa 33 au 35, ufunguo wa usalama umekataliwa, na ukirudia haraka haraka ECU itajifungia kwa muda. Subiri swichi ikiwa imewashwa. Ikiwa 78, hakuna kosa lolote. ECU inasema imekusikia na bado inafuta au inaandika. Watu huiona 78 ikijirudia, wanachomoa kebo, na hapo ndipo ECU inapokufa.

Mstari ukisimama kabisa, usizime swichi. Acha kitegemezi kwenye betri, fungua programu upya, jaribu kuandika faili lilelile kwa kifaa kilekile. Butiloda ikiwa hai itajibu. Isipojibu, toa ECU upeleke mezani na ile nakala ya awali. Gari likishawaka, futa misimbo, acha injini ipate joto kamili na uendeshe kilomita kadhaa kabla ya kulaumu sailensa inayoyumba, kwa kuwa marekebisho ya mafuta iliyojifunza yamefutika pia.

Anayeanza leo na pesa ya kitu kimoja, namwambia anunue kitegemezi cha betri na mita, aendelee na kebo yake kwa kupima na kukodi tu. Mwenye gereji ya magari mchanganyiko aongeze tableti yenye tarehe ya masasisho inayojulikana. Anayetaka kuflashi kila wiki achukue kisanduku halisi cha J2534 kama magari yake ni ya Ulaya au yameuzwa mapya hapa na wakala, au mashine halisi ya kusoma kama ni ya mnada wa Japani. Na kila ECU anayoisoma, ahifadhi faili lake mahali pawili kwa jina lenye namba ya lebo, kitambulisho cha kalibresheni, namba ya gari na tarehe. Faili la yule mama bado ninalo. Mwaka jana Toyota nyingine ililetwa gerejini kwangu imekufa, ECU yake ikiwa na namba ya lebo na kitambulisho vilevile. Haikuwa na nakala yoyote, nikaifufua kwa programu iliyokuwa kwenye faili hilo.